Neno Moja Nililomnyima Solange

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mikono yangu inatafuta kitu cha kushika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepata diploma yangu na kuajiriwa kufundisha watoto wadogo katika shule ya maternele, yaani ya chekechea, pale mtaa wa Keshero ukingoni mwa mji wa Goma, chumba cha mbao kilichosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Watoto wangu walikuwa wa miaka mitatu na minne. Wengi wao, wazazi wao walikuwa wameteremka kutoka milima ya Masisi kwa sababu ya vita, wakaja kukaa Goma kwa ndugu au kwenye vyumba vya kupanga. Wewe unaanza kazi hiyohiyo sasa, ndiyo maana nakueleza haya. Si habari ninayopenda kuisimulia.

Mkubwa wetu pale shuleni alikuwa Mama Kahindo, mama mnene, mpole, aliyekuwa amelea watoto wake saba na wengine wengi wasio wake. Yeye alikuwa ameweka utaratibu wa kila asubuhi: watoto wanakaa duara juu ya mkeka, wanarushiana mpira wa matambara, na anayeudaka anasema jina lake, jina la mama yake, la papa yake, na mtaa anaokaa. Baada ya hapo wanajifunza kufunga vifungo vya mashati, wanaimba, wanakwenda kunawa.

Mimi niliona ni mchezo tu. Wazazi wakifika mlangoni walikuwa wananiuliza, "Mwalimu, mutoto anajua kuandika?" Hakuna aliyeniuliza kama anajua kufunga kifungo. Na mimi, mwanangu, nilitaka sifa. Basi nikaufuta ule mchezo kimyakimya, nikagawa vibao na chaki. A, E, I, O, U, asubuhi nzima. Aliyekosea nilimpiga vidoleni kwa rula. Ndiyo, niliwapiga, na leo nikitazama vidole vya mtoto wa miaka minne siwezi kuelewa nilipata wapi moyo huo.

Kulikuwa na msichana mmoja, Solange, aliyeingia shuleni baada ya mimi kuufuta ule mchezo. Alikuwa na miaka minne na hakuwa na maneno mengi. Mama yake aliuza kabeji, na hapo mtaani wote tulimwita Mama Solange, kama desturi yetu ilivyo. Solange alijifunza herufi upesi kuliko wenzake wote. Wageni walipokuja nilikuwa namsimamisha yeye mbele.

Siku moja Mama Kahindo aliingia ghafla akanikuta na rula mkononi.

"Uko nafanya nini na hawa batoto?"

"Nawafundisha kuandika, Mama."

Alichukua mkono wa mtoto aliyekuwa karibu, akaugeuza kiganja juu. "Huu mukono haujakomaa. Akifika miaka sita, ataandika bila kumupiga. Lakini akipotea leo, atasema nini? Uturudishie ule muchezo."

Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nikaurudisha kwa siku mbili, kisha nikauacha tena.

Haikupita hata wiki tatu. Mama Kahindo alikuwa amekwenda Murara, mtaa mwingine wa mjini, kumuuguza dada yake, na shule ilibaki mikononi mwangu. Karibu saa tatu asubuhi mizinga ikaanza kunguruma upande wa Sake. Mwanzoni ilikuwa mbali, watoto wakadhani ni mvua. Kisha mbao za ukuta zikatetemeka, vumbi likatuangukia vichwani. Wazazi wakaanza kufika mbio, wengine miguu mitupu, kila mmoja akimnyakua wake bila hata kunisalimia. Ndani ya nusu saa nilibaki na watoto sita. Solange alikuwa mmoja wao.

Nilingoja. Kombora jingine likaanguka karibu zaidi, na watu barabarani wakaanza kupiga kelele kwamba askari wanarudi nyuma. Nikaogopa kukaa. Nikafunga mlango kwa kufuli, nikakunjua kitenge changu, nikawaambia watoto wote washike ukingo wake wasiuachie. Tukaingia barabarani kuelekea mjini.

Mwanangu, hujawahi kuona barabara kama ile, na Mungu akuepushe nayo. Magodoro, mbuzi, mikokoteni ya mbao, wazee waliobebwa mgongoni. Nilikuwa nahesabu kila hatua: sita, sita, sita. Kisha lori la askari likaja kwa kasi kutoka nyuma, likipiga honi, watu wakajitupa pande zote mbili. Kitenge kikavutwa kutoka mikononi mwangu. Lilipopita nikahesabu: watano.

Niliita mpaka koo likakauka. "Solange! Solange!" Wanawake wengine nao walikuwa wakiita majina ya kwao, na sauti yangu ikamezwa humo. Sikuweza kurudi na wale watano, na sikuweza kuwaacha. Nikawafikisha kwenye uwanja wa parokia moja ambako watu walikuwa wamekimbilia, nikawakabidhi kwa mama mmoja wa kanisa niliyemfahamu, nikarudi. Nilitafuta kando ya ile barabara mpaka jua lilipoelekea kuzama, nikigeuza kila mtoto wa kike aliyenipa mgongo. Solange hakuwapo.

Kesho yake mizinga ilikuwa imepungua kidogo. Nikarudi Keshero. Nilifikiri labda mtoto amefuata njia anayoijua. Nilipokaribia shule nikaona mtu amekaa chini mbele ya mlango, ameegemea kufuli. Alikuwa Mama Solange. Alifika jana yake dakika chache baada ya sisi kuondoka, akaukuta mlango umefungwa, akakaa hapohapo usiku kucha, mtaa wote ukiwa umehama.

Aliniona, akasimama. Akatazama nyuma yangu, upande wa kushoto, upande wa kulia.

"Mwalimu, mutoto wangu iko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nilitegemea anipige, na ningefurahi kama angenipiga. Hakufanya hivyo. Alikaa tena palepale. "Basi nitamungojea hapa," akasema. "Hapa ndipo nilimuacha."

Nilimsihi tuondoke. Risasi zilikuwa zikisikika tena upande wa ziwa. Alitikisa kichwa tu. Nami sikuweza kumwacha, nikakaa kando yake. Tulikaa hivyo saa nyingi. Kila kishindo kiliposikika alifumba macho, na midomo yake ikacheza. Nadhani alikuwa anasali.

Alasiri, mtu akatokea kwenye ile njia tupu, akitembea polepole katikati ya mawe. Alikuwa Mama Kahindo. Mgongoni alikuwa amefunga mtoto.

Mama Solange hakulia. Alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyechomwa na kitu, akamkimbilia mwanawe.

Sikiliza sasa jinsi alivyopatikana, maana hapa ndipo penye kosa langu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amemwokota barabarani, akamfikisha Murara kwenye kituo kidogo cha watoto waliopotea. Wanawake waliokuwa pale walimuuliza kwa upole:

"Unaitwa nani?"

"Solange."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama."

"Unakaa wapi?"

"Kwetu."

Walimuuliza tena na tena, siku ile na asubuhi iliyofuata, na jibu likawa hilohilo. Mwishowe, alipoona wanazidi kumuuliza na haridhishi mtu, aliokota kipande cha makaa akachuchumaa sakafuni, akaandika A, E, I, O, U. Kisha akaficha vidole vyake nyuma ya mgongo.

Mama Kahindo alikuwa anapita kituo hadi kituo akitazama kama kuna mtoto wa shule yake. Alimkuta amekaa kando ya herufi zake. Mmoja wa wale wanawake akamwambia, "Mama, kama angetaja mtaa tu, mutu angemupeleka tangu jana. Kutoka hapa hata si mbali."

Keshero. Neno hilo moja. Mtoto wa miaka minne analishika kwa wiki moja, kwa mpira wa matambara. Mimi nilimnyima nikampa irabu tano, na mama yake akalala mlangoni mwa shule mizinga ikimpitia juu.

Mama Kahindo hakunigombeza mbele ya watu. Alingoja tukae wawili. "Hukumufundisha jambo baya," akaniambia. "Ulimufundisha jambo la kesho, ukamunyima la leo. Na ulifanya hivyo kwa ajili yako, haikuwa kwa ajili yake." Baada ya hapo hakulitaja tena mpaka alipostaafu.

Wale watano wazazi wao waliwapata parokiani, lakini Solange hakurudi shuleni kwetu. Mama yake alimchukua wakaenda kwa ndugu zao Bunagana, na sikuwaona tena. Sijui kama alipofika umri wa kusoma alikaa darasani bila kuficha vidole. Ni jambo ninalolibeba.

Basi, mwanangu, hii ndiyo nasaha yangu. Wazazi watakusukuma, wakaguzi watakusukuma, na moyo wako wa kutaka sifa utakusukuma kuliko wote. Kabla hujampa mtoto kitu, mtazame kwanza ana umri gani na maisha yake yanadai nini leo. Wa miaka miwili aachwe atembee, aanguke, aguse, aitwe kwa jina lake mpaka aligeukie. Wa mitatu aweze kusema njaa, kiu, uchungu, na kukataa mkono asioujua. Wa minne ajue jina la mama yake, lile alilopewa alipozaliwa, siyo lile tunalomwita mtaani. Ajue mtaa wake, avae viatu mwenyewe, acheze na wenzake mpaka achoke. Kalamu itamkuta. Ikichelewa mwaka mmoja hakuna kitakachoharibika. Na asiyefikia hapo na wenzake usimpige wala usimcheke. Kaa naye, mngojee, kwa sababu watoto waliokimbizwa na vita wakati mwingine hurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Na rula yako iwe ya kuchorea mistari, basi.

Na ukionywa na aliyekutangulia, usiseme "ndiyo, Mama" kwa mdomo tu kama mimi.

Mungu aliyetuvusha miaka ile akupe subira na macho ya kumwona kila mtoto alivyo. Alinde mikono watakayoishika watoto wako njiani. Na jioni ikifika, kila mmoja wao akutwe na mama yake mlangoni, mzima, akisimulia alivyocheza.