Kiingereza cha Mikono ya Kinyozi

"Mkwe wangu akipiga simu, msinitafutie mkalimani. Kiingereza nitakimeza chote, na makombo nitawaachia nyinyi mliosoma!"

Mjomba aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya ukoo mzima, siku tuliyokusanyika kusherehekea ndoa ya binti yake wa pekee. Bi harusi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ng'ambo alikokwenda kusomea uuguzi, akapata kazi, akapata na mume, na sisi huku tulikuwa tunakula huku tukitazama picha zao ukutani. Hatukujua kwamba hatutapata nyingine nyingi zaidi ya zile. Tulipiga makofi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Mjomba kwa jina lake. Akawa Balozi.

Balozi alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, kiti cha kupandishwa kwa pedali, na feni iliyozunguka siku ikijisikia. Kiingereza alikuwa nacho cha shule ya msingi, kimekunjwa tangu wakati huo kama shati la kutokea. Simu ya kwanza ya mkwe ilimtoa jasho. Alipokata, akatugeukia sisi kana kwamba sisi ndio tuliokitunga.

"Hawa watu wana kitenzi kidogo kama kisoda, halafu wanakifunga mkia! 'Get up', 'get in', 'get over'. Mnyama mmoja, mikia kumi! Nani ataishika yote?"

Akajiandikisha masomo ya jioni. Mwalimu alikuwa anawapa vitenzi vya mikia kila wiki wavikariri, na Balozi hakukariri hata kimoja. Kiliingia sikio hili, kikatokea lile. Mpaka siku moja, anampandisha mteja kitini, mguu uko kwenye pedali, mdomo ukasema wenyewe: "Go up." Akaachia pedali. "Go down." Akasimama ameduwaa na mashine mkononi, kama mtu aliyeokota pochi barabarani.

Kumbe kichwani ndiko kulikojaa. Mikononi nafasi ilikuwepo.

Basi kila kitenzi akakipa kazi. Shuka la kumfunika mteja lilibeba "put on" na "take off". Mashine ikachukua "turn on" na "switch off". Kupangusa nywele mabegani ikawa "brush off". "Look after", yaani kutunza, ndiyo iliyomtesa, kwa sababu haina umbo. Mwishowe aliifunga kwenye kile kiganja cha kushoto kinachoshika kichwa cha mteja wakati wembe unapita nyuma ya sikio.

"Balozi," mchukuzi mmoja wa sokoni alilalamika, "kwa elfu mbili mtu ananyolewa au anafanya mtihani?"

"Nyamaza. 'Lean back'."

"Na nikikosea?"

"Sikio ni lako, baba."

Tatizo lilikuwa moja: akiweka mashine mezani, Kiingereza nacho kinalala pale pale. Ndiyo maana alikuwa anawapigia simu saa za kazi tu, simu imeegemezwa kwenye kioo, kichwa cha mtu mikononi.

"Baba, leo ni nani huyo?" binti aliuliza akicheka.

"Kamusi yangu. Nipe mumeo."

Siku hiyo nilikuwa nasubiri zamu kwenye benchi. Balozi alikishika kile kichwa kwa kiganja, akamtazama mkwe kwenye simu, akasema: "You look after her." Mkwe akaitikia kwa heshima, mkono kifuani. Yule mteja alitoka anafuta macho, akasingizia sabuni.

Mwaka wa tatu wa ndoa, simu ilipigwa asubuhi, nyumbani, Balozi hajafungua hata kibanda. Damu ilikuwa imeganda mguuni mwa binti ikapanda hadi kwenye mapafu, akafia katika hospitali ile ile alimokuwa akihudumia wagonjwa. "She passed away," mkwe alisema. Kitenzi hicho kilikuwa kimeshafundishwa darasani, na Balozi alikuwa amekataa kukipa kazi yoyote ya mikono. Alikielewa hivyo hivyo. Akakaa sakafuni.

Mkwe akasema atapiga tena jioni, wakubaliane habari ya maziko. Mke wa Mjomba, ambaye sote tunamwita Mama, alikuwa na ombi moja tu kutwa nzima, akilirudia kwa kila aliyeingia kutoa pole: "Mwanangu azikwe hapa. Nipate pa kwenda kumtembelea."

Mimi na stashahada yangu iliyokatikia njiani nilijitolea kuzungumza na mkwe.

"Hapana," Balozi alisema. "Mwanangu niombewe na mtu mwingine?"

Akajaribu kufanya mazoezi. Alikaa kwenye kigoda, simu haijaita bado, mikono mitupu magotini. "Bring..." alisema. "Bring..." Mkia hakuuona.

Mama alimtazama. Akainuka, akaenda kibandani, akarudi na mashine na shuka. Akamwinua Balozi, akanielekezea kigoda.

"Kaa hapo. Mjomba wako anataka kichwa."

"Mama, nimenyoa juzi."

"Nimesema kaa."

Nikakaa. Balozi akanifunika shuka, akalifunga shingoni taratibu, akawasha mashine. Hapakuwa na nywele za kunyoa. Mashine ilipita kwenye ngozi tupu, ikarudi, ikapita tena, na simu ilipoita Mama akaiegemeza kwenye jagi mbele yetu.

"Don't go ahead, my son," Balozi alisema, akimsihi asizike kule. Sauti ilikuwa imara kuliko ya yeyote mle ndani. "Please. We want to bring her back. Her mother cannot hold on." Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeshika kichwa changu nyuma ya sikio, na kitenzi cha hapo hakukitamka. Kitu cha moto kilinidondokea utosini, kikafuatwa na kingine. Nikatulia.

Mkwe alilia mpaka tukageuza nyuso. Kisha akajibu polepole, ili Mjomba asipitwe na neno. Hakukataa. Alisema ni haki yao, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshauliza kwenye kampuni inayosafirisha miili. Akataja kiasi, akasema peke yake hawezi kukilipa. Balozi akamwomba arudie, akarudia. Alikuwa amesikia sawasawa mara ya kwanza.

Akazima mashine.

"Amesemaje?" Mama aliuliza.

Mjomba alikuwa bado amenishika kichwa, anageuza pesa ya kule kuwa ya hapa.

"Ndege na vibali," akasema. "Milioni ishirini na sita, bila jeneza."