Mama na Grupu la Misiba

Nauza simu Geita mjini, karibu na stendi, kwa hiyo naomba mnisamehe, wataalamu wote mnaokuja hotelini hapa kutueleza kwa nini watu hununua simu. Mkulima, mnasema, ataitaka ili ajue bei ya pamba na hali ya hewa. Hongereni! Tangu nifungue duka hakuna aliyeniuliza habari za pamba. Mchimbaji akipata kitu shimoni anakuja na vumbi lake kichwani, anataka simu ambayo mwenzake wa shimo la pili hana. Basi.

Lakini nami niliwahi kujifanya mtaalamu, tena kwa mama yangu mzazi, huko Didia. Nilimpelekea simu ya kupangusa, mpya, na hotuba juu.

"Mayu, mvua utaijua kabla haijanyesha."

"Mvua? Si natoka nje natazama juu?"

"Utawaona wajukuu zako."

"Walete niwashike."

Simu akaifunga kwenye kitenge, akaitia sandukuni na nguo zake za Krismasi. Akaendelea na simu yake ya zamani, kitochi kilichokazwa kwa mpira wa baiskeli. Baba, ambaye alikuwa kitandani tangu kiharusi kimpige, alinicheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima.

Sasa, kwetu msiba hauna samahani. Mwanamke akisikia kuna kifo anajitwika kuni, anabeba dumu la maji, anakwenda. Asiyekwenda anapigwa faini ya kuwapikia kina mama wote. Akirudia, anatengwa: hasalimiwi, haazimwi moto, na siku yake ikifika atalia peke yake na mbuzi wake. Zamani habari ilikuja kwa yowe, na yowe halihitaji bando. Ila mwenyekiti wa kina mama alinunuliwa simu na mwanawe wa Mwanza, na simu ya Mwanza lazima ionekane. Akatangaza kwamba kuanzia sasa misiba itatangazwa kwenye grupu. Maendeleo hayo, jamani!

Bibi mmoja wa kitongoji cha pili akafariki, akazikwa, mama hana habari. Alipokwenda kutoa pole alikuta wameshaanua matanga. Faini ikaja. Alichinja jogoo, akapika, wakala wakashiba, wakanawa mikono, wakamwambia safari nyingine hawatakuja kula.

Jioni hiyo alinipigia kwa kitochi.

"Baba yako anazidi kuisha. Akiondoka, nitamlilia na nani? Nani atanichotea maji? Njoo unifundishe hiyo simu yako."

Niliumia, sitaki kudanganya. Kesho yake nilikuwa Didia. Miaka yote ya hotuba zangu, na kazi imefanywa na jogoo mmoja.

Kusoma kunampa taabu mama, kwa hiyo nilimfundisha kutuma sauti. Akawa anaibonyeza simu na kuipigia kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Mtu akiweka picha ya binti yake kavaa joho la mahafali, mama huyo: "Poleni sana, wanangu, Mungu awatie nguvu." Mwingine akitangaza kuwa ng'ombe wake kazaa, pole pia. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha, maana kwenye misiba yenyewe alikuwa wa kwanza kufika. Alikwenda mpaka Tinde, kuni kichwani, kumlilia mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni.

"Mke wangu siku hizi anaonekana kwa marehemu kuliko kwangu," baba akalalamika.

"Nyamaza wewe," mama akamjibu huku akimgeuza ubavu. "Nakutafutia watu."

Baba alifariki mchana. Mimi nilikuwa dukani, nambandikia mteja kioo cha simu, nikapigiwa na binamu yangu wa Chato.

"Pole sana, kaka," akasema.

"Pole ya nini?"

Akampa mkewe simu anieleze. Kumbe mkewe ni mtu wa Didia, yumo kwenye grupu, na sauti ya mama ilikuwa imewafikia zamani.

Nilifunga duka, nikaondoka vilevile nilivyokuwa. Nilipofika nyumbani nilikosa pa kupita. Kuni zilikuwa zimepangwa mpaka dirishani, masufuria makubwa yako motoni, na kina mama wamejaa uani, wengine wa vitongoji ambavyo sivijui hata majina. Mwenyekiti alikuwa ameshika mwiko. Nikapita katikati yao nina uchungu, na nina hasira pia, sifichi. Nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka, macho yamevimba, simu mkononi.

"Mayu, mimi mwanao wa kwanza, naambiwa na mtu wa Chato?"

Alinishika mkono, akanikalisha karibu yake.

"Wewe ni damu yake, mwanangu. Ungekuja tu. Hawa ndio nilikuwa sina uhakika nao."