Fundi wa Ukungu wa Mafuta

Fundi wa maabara huifuta pua ya kinyunyizio kama mama anayemfuta mwanawe kamasi, akiinong'oneza, "Usiniaibishe, mwanangu." Kazi yake ni kuyatia mafuta ya mbegu umeme mkali hadi yageuke ukungu, injini iyachome vizuri. Siku mkaguzi alipokuja kuamua kama mradi ufungwe, fundi kwa kiherehere akasahau kuunga kwenye injini waya wa kupeleka umeme ardhini. Ukungu wenye umeme hukimbilia chochote kilichoshika ardhi, na mkaguzi alikuwa ameegemea bomba la maji la chuma lililozama ardhini. Upara wake ukang'aa kwa mafuta kama kikaango.

"Shikamoo, mzee," fundi akasema.

Mkaguzi akapapasa kichwa, akanusa kiganja. "Marahaba. Mbona sikuona hata tone? Huu ni ukungu kweli. Endeleeni, ila mwakani nitakagua kwa simu."