Mtoto wa Baba Yake

Nakumbuka Ijumaa moja niliyoingia nyumbani kwetu, mtaa wa Edmonton huku ughaibuni, nimefura kwa hasira, nikamwambia mama yangu neno ambalo nikilifikiria hata leo mwili hunisisimka. Mwanangu, umeniletea fomu ya safari ya Israeli niisome, na uso wako umejaa furaha. Mimi baba yako sitakuzuia. Mambo ya vita na usalama tutayazungumza siku nyingine, na tutayazungumza sana, maana unanijua. Leo nataka ulisikie neno lile kabla hujatia jina lako hapo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu, Myahudi aliyezaliwa Nakuru, alifariki nikiwa na miaka minane. Mama alikuwa Mluhya wa Vihiga, muuguzi, Mkristo asiyekosa kanisa. Kwao mtoto ni wa baba, hilo halina mjadala. Kwa hiyo alipobaki mjane aliona ni wajibu wake nisipotee mbali na watu wa baba. Kila Ijumaa, Sabato ya Kiyahudi ikikaribia, alikanda unga, akausuka mkate kama alivyomwona nyanya yangu, mama yake baba, akifanya, akawasha mishumaa miwili, kisha akaniita mezani. "Wewe ni Myahudi, mtoto wa baba yako," alikuwa akiniambia. "Siku moja utaenda kuiona nchi yenu." Nikakua nikiingoja siku hiyo. Sinagogi hatukwenda kabisa. Dini yetu yote ilikuwa ya jikoni.

Basi nikasikia sinagogi moja, si mbali na Kenton alikokaa babu, linapeleka vijana Israeli kiangazi. Mama akanipigia pasi shati, nikaenda kujiandikisha. Mwanamke mpole aliyekuwa mezani akauliza jina la baba, nikalitaja kwa majivuno. Akauliza jina la mama na la wazazi wake, nikayataja kwa majivuno yale yale. Akaweka kalamu chini.

"Mama yako aliingia lini katika dini yetu?"

Nikamjibu kwamba hakuingia, yeye ni Mkristo.

"Pole sana," akasema. "Kwetu sisi mtoto humfuata mama. Hatuwezi kukuandikisha."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia jina la baba, nikalitamka herufi kwa herufi, na yeye akaniangalia kwa huruma hadi nikaona aibu. Miaka kumi na tisa najua mimi ni nani, halafu mtu ananivua jina kwa upole, kisha ananiuliza kama nataka maji ya kunywa. Sikumbuki nilipandaje basi.

Nyumbani nilimkuta mama mikono imo ndani ya unga. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Wamekuandika?" Nikamjibu kwa Kiingereza, kama sisi watoto wa huku tulivyozoea. Nikamwambia amenidanganya maisha yangu yote. Halafu nikamwambia amenichafulia damu.

Naam, hilo ndilo neno. Nililisikia likitoka na nikashtuka mwenyewe, lakini sikulirudisha. Mama hakulia wala hakunifokea. Alisema tu, "Kwetu mtoto ni wa baba. Sikujua kwao ni vingine." Akanawa mikono, akatupa unga ule wote kwenye pipa, akavaa sare yake akaenda hospitali, na zamu yake ilikuwa bado saa tatu nzima ianze.

Jumapili nikaenda Kenton kwa babu, baba yake baba, nikitumaini atanitetea. Babu aliishi Kenya nusu ya maisha yake, na Kiswahili chake cha Nakuru hakikumtoka. Akanisikiliza, kisha akaniuliza, "Na mama yako ulimwambia nini?" Nikamwambia kwa Kiingereza.

"Sema kwa Kiswahili," akasema.

Nikafungua kinywa. Mwanangu, halikutoka. Kwa Kiingereza lilikuwa neno la hasira tu. Kwa Kiswahili, lugha aliyonilea nayo, nilikuwa nasimama mbele ya mama yangu kumtukana.

"Mimi nilijua sheria hiyo siku zote," babu akasema. "Nilimwona mama yako akihangaika na ule mkate, nikaona haya kumwambia. Kosa hilo ni langu. Lakini hili lako sikulifundisha mimi. Ondoka, nenda kwake."

Nikaenda. Nikapiga magoti jikoni, nikamwomba radhi kwa Kiswahili changu kibovu. Mama akaniangalia, akanijibu kwa Kiingereza. "It's fine," akasema. Tangu nizaliwe hakuwahi kunijibu kwa Kiingereza. Niliduwaa pale sakafuni kama mgeni aliyekosea nyumba. Wiki tatu nzima tuliishi hivyo, good morning na good night, hadi siku moja akajikwaa mlangoni akasema, "We mtoto, mbona viatu vyako viko njiani?" Nikalia kama mtoto mdogo. Lakini mkate ule hakuusuka tena mpaka anakufa.

Israeli nilifika miaka mingi baadaye, na watu wengine wasiouliza hayo. Niliipenda. Mama hakuwepo tena wa kumsimulia.

Sasa wewe, mama yako naye si Myahudi, na swali lile litakufikia, kama si kwenye fomu basi huko huko. Wakikukubali, shukuru. Wakikukataa, wana sheria yao, usigombane nao. Ila usirudi na uchungu huo ukamtupia mama yako, aliyekufundisha hata kuitamani nchi ya watu wa baba yako. Ukiwa na hasira nipigie mimi, hata mara kumi kwa siku. Na kabla hujamwambia mama yako neno lolote, lijaribu kwanza kwa Kiswahili.

Nenda, mwanangu. Mungu wa babu zako wa Nakuru na wa nyanya zako wa Vihiga akutangulie njiani, akupe uione nchi unayoitamani, na ukirudi akukutanishe na mama yako akiwa hai, akiwa bado anazungumza nawe.