Maji Mekundu ya Mwalimu Bulonza

Mwalimu Bulonza alifundisha kemia katika shule moja ya Kadutu kwa miaka kumi na moja, yote kwa chaki tu. Mwaka 1987 padri mmoja alimwachia gazeti la Kifaransa lenye habari za nanoteknolojia, kazi ya kutengeneza vitu kwa chembe ndogo mno: ukate milimita moja mara milioni, ndipo uanze kuzipima. Dhahabu ikifika udogo huo, gazeti lilisema, huacha kuwa ya njano. Inakuwa nyekundu.

Wanafunzi walicheka. Wengi walikuwa watoto wa wachimbaji wa Mwenga, dhahabu waliijua. Bulonza aliumia. Akamwomba mke wake, Sikujua, kipande cha herini ya dhahabu iliyovunjika, akakiyeyusha katika asidi za mwisho zilizosalia katika laboratwari ya zamani ya shule, akaongeza maji mengi, akachemsha, akatia ndimu. Maji yakawa ya kijivu, kisha mekundu kama divai ya misa. Watoto wa wachimbaji wakasogea kuishika chupa.

Habari zikamfikia Tambwe, mkubwa mmoja wa serikali, kwamba kuna mwalimu anaficha dhahabu ndani ya maji. Bulonza akaitwa, yeye na chupa yake. Alieleza kwa heshima kwamba chembe kama hizo huenda zikachuja maji machafu, huenda zikapeleka dawa mwilini mpaka penye ugonjwa. Tambwe, aliyeumwa goti siku nyingi, alishika neno moja: dawa.

"Ni dawa ya magoti pia?"

"Siku moja, citoyen," Bulonza akajibu, akimwita "mwananchi" kama serikali ilivyotaka siku zile. "Pengine sisi tutakuwa tumeshakufa."

Tambwe akainywa yote.

Bulonza alirudi nyumbani na hofu, maana asidi haikuwa imeisha kabisa mule chupani. Siku mbili aliwangoja askari. Siku ya tatu akaja tarishi na barua: goti limepoa, mwalimu atengeneze ingine kila juma, na aandike anachohitaji.

Akaandika asidi, mizani, vyombo vya kioo na mikroskopu. Vitu ambavyo shule ilikuwa imeviomba kwa barua tisa vilifika kwa boti kutoka Goma ndani ya juma moja.

Ila Sikujua alikataa kutoa herini iliyobaki. Basi kila Jumatatu Bulonza alipeleka chupa ya maji ya betiravu, ile mizizi myekundu ya bustani za Nyantende, na kila Jumatatu goti likapata nafuu. Aliona haya. Sikujua alimuuliza itakuwaje mukubwa akijua.

"Kwa kujua atahitaji mikroskopu," Bulonza akamjibu, "na ile iko kwetu."

Mwaka uliofuata Tambwe alihamishiwa Kalehe, akitembea vizuri. Vyombo vikabaki shuleni.