Halimati, Aliyeambiwa Ni wa Jua

Shangazi Halimati hakuwahi kunibeba. Si mimi tu, hakuna mtoto wa ua wetu aliyewahi kubebwa naye. Ukimpelekea kichanga, anasimama mlangoni, anakiombea dua kwa mbali, anarudi kwenye pasi yake. Nilidhani hapendi watoto, mpaka siku moja nikamwuliza.

Akapuliza makaa ya pasi kwanza. "Mimi ni wa Jua, mwanangu. Jua likisogelewa sana linaunguza."

Si shangazi yangu wa damu. Anakaa na mama yake, Koulsoum, ambaye sote twamwita koko, yaani bibi, kama tusemavyo sisi Wakomoro wa Mahajanga. Koko miguu yake imekufa. Kila asubuhi shangazi humbeba mgongoni, akamweka kwenye mkeka mbele ya ukuta apate jua la kwanza, kisha huanza kupiga pasi nguo za watu. Ana miaka hamsini na hajaolewa.

Mimi nikitaka kujua jambo simpi mtu nafasi ya kupumua. Nikamuuliza ya Jua mpaka akanieleza. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, seremala aitwaye Kamardine alikuja kumposa. Kabla ya kujibu, kama ilivyo desturi, Koko alimpeleka shangazi kwa Mwalimu Boinali, mjuzi wa falaki. Mwalimu huchukua jina lako na jina la mama yako. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake. Anazijumlisha, anatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota yako. Halimati binti Koulsoum alibaki na tano. Tano ni Asadi, yaani Simba, nyumba ya Jua.

Kamardine alitoka Saratani, Kaa, mwenye tabia ya maji.

"Jua ni mfalme, na mfalme hana mwenzake," Mwalimu alimwambia. "Hata nyota ya mbinguni ikilikaribia huungua. Na huyu ni maji. Ama atakauka yeye, ama utazimika wewe."

Kamardine akajibiwa hapana. Tangu hapo shangazi alianza kila kazi Jumapili, siku ya Jua, akavaa leso za manjano, akakaa mbali na watoto wa watu.

Ana karata moja anayoificha ndani ya msahafu. Aliipata kwa bibi wa Kifaransa ambaye shangazi alimfulia nguo miaka mingi, mwanamke aliyekuwa akiwapigia marafiki zake ramli kwa karata. Mwaka wa uhuru bibi huyo alifungasha, akatupa alivyovitupa, na shangazi akaokota hiyo moja. Ina jua lenye uso wa mtu, na chini yake watu wawili wadogo wamesimama mbele ya ukuta, mmoja amemwekea mwenzake mkono.

"Kwao jua ni furaha," alinambia. "Yule bibi alinitolea hii zamani, akasema nitakaa na mtu, tutaota jua pamoja. Nikacheka. Mtu hajauliza hata jina la mama yangu, atajua nini?"

Basi. Mwaka huu, 1962, Kamardine akarudi. Mkewe alikufa. Binti yake yuko kisiwani Nosy Be na amemwita akamalizie uzee huko. Alikuja uani kwetu amevaa kofia mpya, akamwambia shangazi mbele ya Koko: "Jumamosi nasafiri. Nitangoja jibu mpaka Ijumaa baada ya sala. Safari hii usiende kwa mwalimu."

"Mwalimu alikwisha kufa," akasema shangazi.

"Ndiyo maana nimekuja."

Koko peke yake hakucheka.

Jumatano ikafika barua. Shangazi alikuwa ameomba cheti cha kuzaliwa kutoka Hell-Ville, mji wa Nosy Be, maana ofisini sasa Mkomoro asiye na karatasi anaulizwa kwao wapi. Alizaliwa Nosy Be, akaletwa huku bado ananyonya. Yeye hasomi Kifaransa, akanipa mimi.

Nikasoma jina lake. Nikasoma jina la baba. Mstari wa mama ukasema Hayrat.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Ilikuwa Hayrat vilevile.

Akaingia chumbani. Mimi nikabaki mlangoni.

"Mama, Hayrat ni nani?"

Koko aliendelea kutafuna tambuu. "Mdogo wangu. Alifia Nosy Be."

"Alikufa na nini?"

"Uzazi."

"Wa nani?"

"Unauliza unachokijua."

Shangazi akakaa chini. "Mwalimu alipouliza jina la mama, wewe ndiye uliyejibu."

"Aliuliza mama yako nani. Nani mwingine aliyekuosha mavi?"

"Ungemtajia majina yote mawili."

"Siku ile sikuwa na nia mbaya. Hesabu ilipotoka vile, nikanyamaza." Akatema tambuu kwenye kopo. "Ungekwenda naye. Mimi ningebaki na nani?"

Shangazi akanitazama. Alijua kwamba chuoni, tunaposoma Kurani, tunacho kitabu cha Mwalimu Boinali, na kwamba jedwali lake nimelinakili. Nikachora hesabu mchangani hapo mlangoni, Halimati binti Hayrat. Ikabaki nane. Akanifanya nirudie mara tatu.

"Nane ni nini?"

"Akrabu. Nge."

"Moto?"

"Maji, shangazi. Kama Saratani. Kitabu kinasema maji na maji hupatana."

Akaifuta hesabu kwa kiganja, polepole, hata pale ambapo sikuandika kitu.

Ijumaa baada ya sala akanituma kwa Kamardine, mtaa wa Mangarivotra. "Mwambie asafiri salama."

"Nimweleze ya cheti?"

"Ili iweje? Apande chombo na mzigo huo?" Alipiga pasi shati ambalo lilikwisha nyooka. "Nikienda, asubuhi nani atamtoa yule? Wewe? Utaacha shule?"

Nilitaka aseme amemsamehe Koko, lakini hakusema.

Kamardine alikuwa akifunga sanduku la vifaa vyake. Nikamfikishia salamu. Akauliza, "Bado ni lile jua lake?"

Nilikuwa na neno la kweli mdomoni. Nikasema, "Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga kamba.

Jumamosi asubuhi shangazi alimtoa Koko kama kawaida, akamweka mbele ya ukuta. Safari hii hakwenda kwenye pasi. Akaketi kando yake. Mkono wa Koko uliteleza ukamwangukia begani, na shangazi hakuuondoa, wala hakuushika. Nikaikumbuka ile karata, nikaingia ndani kwetu.

Nikatoka na Allaoui, mdogo wangu wa miezi minne. Sikuomba ruhusa, nikamweka tu mapajani mwa shangazi.

Mikono yake ikabaki hewani. Akajaribu chini ya kwapa, akajaribu kichwa, mtoto akaanza kuteleza na kulia.

"Mchukue," akasema. "Sijui mtoto anashikwa wapi."