Vitundu Vitatu Chini ya Mulango

Siku ya tano, tarehe 17 mwezi wa kumi. Mvua ilianguka mchana, na upepo ukaipiga moja kwa moja mbele ya nyumba.

Maji yaliingia saloni tena. Tangu mudogo wangu atuwekee ule mulango wa vioo wa kuvuta pembeni, kila mvua ya upepo inalowesha mpaka chini ya viti. Yeye ni fundi wa aluminium. Mulango wetu ulikuwa wa kwanza mukubwa kwake, na ni mimi nilimuomba autengeneze. Naandika hivyo isionekane alinilazimisha.

Mvua ilipokatika nilichukua ndoo na kikopo, nione kwa macho maji yanapita wapi. Bibi yangu, mama ya batoto, alipiga magoti ndani, mimi nikabaki nje. Nilimwaga kidogo kidogo pale fremu inapokutana na ukuta, mahali ambapo siku zote nilikuwa namushitaki mudogo wangu.

— Iko inaingia?

— Hapana.

Kushoto, hapana. Kuume, hapana. Nikamwaga chini, ndani ya reli ambamo mulango unateleza. Reli ikajaa, maji yakapanda, yakaruka upande wa ndani.

— Acha! Unanilowesha, baba ya batoto! Haya maji haina mahali pa kutokea.

Niliweka ndoo chini, nikainama. Chini ya reli kulikuwa alama tatu nyeupe. Nilizijua. Ni kidole changu kilizipakaa.

Wakati wa jua, malori ya barabara ya Mahagi yanatujaza vumbi nyekundu, na kwenye vitundu vitatu vilivyokuwa pale chini ya reli sisimizi walikuwa wanaingia kwa mustari. Fundi wa karo, vile vigae vya chini, alikuwa ametuachia simenti nyeupe kidogo kwenye beseni. Nilizania mudogo wangu alisahau kuviziba. Nikaviziba, nikalainisha vizuri, nikafurahi. Sikuuliza mutu.

— Kumbe ni weye! bibi yangu alisema. Na siye tunasema mudogo wako hakujua kazi!

Alicheka, kisha akachukua kitambaa, akapangusa maji. Yeye pia alimusema, ni kweli, lakini ndani ya nyumba tu. Mimi nilimusema mu lupango ya kanisa, pale uwanjani, mbele ya wanaume, na shemasi akiwa hapo. Shemasi alikuwa anataka mudogo wangu amufanyie madirisha ya nyumba yake mupya. Alitafuta fundi mwingine.

Nilitoboa simenti kwa musumari na nyundo. Nilimwaga ndoo tatu nzima, maji yote yakatoka nje. Kwenye kona moja tu kauchu, ule mupira wa kuziba kando ya kioo, ni fupi, inapitisha tone. Ile kosa ni ya mudogo wangu. Lakini tone si ziwa.

Nikaenda kwenye atelie yake. Alikuwa anakata chuma. Nilimwambia yote, hata habari ya kidole.

— Vile vitundu ni vya kutoa maji nje, yaya, mukubwa wangu. Ungeniuliza.

— Nilikosa.

— Ulinisema kwa kanisa, batu wote wanasikia. Leo unakuja kuniomba pole huku, siye wawili, na mashini inalia.

— Nitamwambia shemasi.

— Shemasi amekwisha kuweka madirisha yake.

Nikamwambia basi aje kula kwetu. Alisema iko na kazi. Sikuona kazi ingine pale, ni kile chuma kimoja tu. Labda ilikuwa nyuma ya nyumba. Siwezi kuandika kwamba alidanganya.

Siku ya Mungu, kanisani, baada ya matangazo, nitasimama niseme ni mimi niliharibu mulango. Sijui kama nitasema kwa ajili yake, ao ili watu waseme mimi ni mutu wa kweli. Na hata nikisema vizuri, madirisha ya shemasi hayatatoka ukutani.

Kwa kauchu ya kona sikumugusia. Nilikuwa nayo mdomoni, lakini nikaona leo si siku yake.

Magaribi tulikula bugali na majani ya sombe yenye ndakala, samaki wadogo wakavu. Bibi yangu alikuwa amepika ya kumutosha mutu mumoja zaidi. Batoto waliimaliza.